Nyumba Bila Ardhi: Mhamiaji Kama Mtunzi wa Mji Katika Usanifu na Riwaya ya Nairobi

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya mji nchini Kenya umejengeka kwa muda mrefu juu ya dhana moja kuu, kwamba mji ni kinywa na mhamiaji ni tonge. Mhusika hutoka kijijini akiwa na matumaini, hufika Nairobi, hupotezwa na pombe, umalaya, wizi au ukosefu wa kazi, kisha ama huangamia ama hurudi kwao mikono mitupu. J. Roger Kurtz, katika Urban Obsessions, Urban Fears (1998), ameonyesha jinsi Nairobi ulivyotawala fikra za watunzi wa riwaya ya Kenya baada ya uhuru, na jinsi mvuto wa mji huo usivyotenganika na hofu yake. Hapana ubishi kwamba mtazamo huu una ukweli mwingi ndani yake. Udhaifu wake ni kwamba humwona mhamiaji kama mtendwa peke yake. Humwona akilala, akinywa, akifukuzwa; haumwoni akijenga.

Makala haya yanadai kwamba mhamiaji ni mtunzi wa mji, na kwamba utunzi wake umeandikwa kwanza kwa udongo, fito na mabati kabla ya kuandikwa kwa wino. Madai haya yanachunguzwa kwa kuisoma nyumba ya Kiswahili ilivyohamia Pumwani, kisha kuilinganisha na majengo yanayosawiriwa katika riwaya mbili: Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi na Coming to Birth (1986) ya Marjorie Oludhe Macgoye. Msingi wa kinadharia unatokana na Henri Lefebvre, ambaye katika kitabu chake cha 1974 kuhusu uzalishaji wa mahali alishikilia kuwa mahali si chombo kitupu kinachongoja kujazwa, bali ni zao la mahusiano ya watu. Hata hivyo, Lefebvre hatoshi. Pwani ya Afrika Mashariki ina dhana yake yenyewe inayolieleza suala hili kwa ukali zaidi, nayo ni dhana ya nyumba bila ardhi.

Dhana ya nyumba bila ardhi

Sheria ya Kiingereza iliyoletwa na ukoloni inashikilia kwamba kilichoshikamana na ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Ukuta hufuata udongo unaosimama juu yake. Mombasa na sehemu nyingine za pwani, kwa upande mwingine, zimejua kwa muda mrefu utaratibu ambao mtu mmoja humiliki kiwanja na mwingine humiliki nyumba iliyo juu yake. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja, lakini nyumba ni yake. Anaweza kuiuza, kuipangisha, kuiweka wakfu au kuwaachia warithi. Mitaa ya Mombasa kama Majengo ilikua kwa utaratibu huu.

Katika utaratibu huu umiliki hautokani na ardhi ila na kazi, yaani kukata boriti, kufunga fito, kukandika udongo na kuezeka. Aliyejenga ndiye mwenye nyumba. Kwa jamii ya wahamiaji dhana hii ni muhimu mno, kwa sababu mhamiaji, kwa maana yake ya msingi, ni mtu asiyekuwa na ardhi pale alipo. Akihukumiwa kwa kanuni ya Kiingereza, atabaki mgeni hata akikaa miaka hamsini. Akipimwa kwa kanuni ya pwani, anaweza kuwa mwenyeji siku anapomaliza kuezeka. Tofauti ya kanuni hizi mbili ndiyo uwanja ambao mvutano wa Nairobi umechezwa.

Pumwani: muundo na maana yake

Reli ilipofika mahali panapoitwa Nairobi mwaka 1899, iliandamana na wapagazi, askari, wafanyabiashara na mafundi, wengi wao wakiwa watu wa pwani au watu waliokwisha kuingia katika Uislamu na utamaduni wa Kiswahili. Vijiji walivyovianzisha vilikuwa na majina ambayo yenyewe yanahitaji uhakiki: Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Mji wa Mombasa na Pangani ni majina ya kumbukumbu, yanayouleta mwambao hadi ukingoni mwa Mto Nairobi. Maskini na Kaburini ni majina ya kejeli na ukweli, yanayokiri hali ya wakazi bila kuomba huruma. Utawala wa kikoloni ulivibomoa vijiji hivyo hatua kwa hatua. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 Waafrika walielekezwa Pumwani, na Pangani, kilichodumu zaidi, kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wenye nyumba wa Pangani walielekezwa kwenye nyumba zilizojengwa na manispaa huko Shauri Moyo, jina linalosomeka kama jibu la mtu aliyeachiwa uamuzi ambao haukuwa uamuzi.

Tofauti kati ya Pumwani na Shauri Moyo ni tofauti ya utunzi. Shauri Moyo ulichorwa na kujengwa na manispaa, na mkazi aliingia katika sentensi iliyokwisha kuandikwa. Pumwani manispaa ilipima viwanja na kubaki na ardhi, lakini nyumba zilijengwa na Waafrika wenyewe. Ndiyo sababu sehemu hiyo iliitwa na ingali inaitwa Majengo. Jina hilo, ambalo pia limo katika miji kama Nyeri na Nanyuki, limetokana na kitenzi jenga. Linautaja mtaa kwa tendo la watu wake, tofauti na mitaa iliyopewa majina ya magavana na maofisa.

Ramani ya nyumba yenyewe ni ile inayojulikana kuanzia Lamu hadi Kariakoo, Dar es Salaam. Mbele kuna baraza. Mlango mmoja huingia katika ukumbi mrefu wa katikati, na vyumba vimepangwa pande zote mbili, mara nyingi vitatu kwa vitatu. Ukumbi huishia uani, ambako kuna jiko, choo na mahali pa kufulia. Nairobi ramani hii ilibadilika kimatumizi bila kubadilika kimuundo. Nyumba iliyokusudiwa ukoo mmoja iligawanywa kuwa vyumba vya wapangaji, mlango kwa mlango. Ukumbi uliokuwa njia ya ndani ya familia ukawa kichochoro cha watu wasiojuana kwa damu, na ua ukawa mahali ambapo Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu, Mnandi na Mganda walipikia pamoja. Paa la makuti liliacha nafasi kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha mabati. Huu ni mfano bora wa kile wahakiki wa fasihi simulizi wanachokiita ubadilikaji ndani ya fani: kiunzi kinabaki, na kila fanani anakijaza kwa mahitaji ya hadhira iliyo mbele yake.

Baraza lastahili kutajwa peke yake. Sheria za kikoloni, hasa kipande kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zilimchukulia Mwafrika mjini kuwa mfanyakazi anayepita. Kazi ikiisha, uhalali wake wa kuwapo mjini unaisha pia. Baraza linapinga jambo hili kwa umbo lake. Ni mahali pa kukaa bila kazi maalumu, pa kumkaribisha mgeni, pa kusikiliza habari na kufanya shauri. Mtu anayeketi barazani mwake anatangaza, bila kusema neno, kwamba yuko kwake. Mabweni ya wafanyakazi yaliyojengwa na waajiri na manispaa hayakuwa na baraza, na hilo halikutokea kwa bahati.

Luise White, katika The Comforts of Home (1990), ameeleza jinsi wanawake waliofanya umalaya Pangani na Pumwani walivyowekeza mapato yao katika nyumba, na jinsi baadhi yao walivyosilimu na kuchagua warithi nje ya koo walizozaliwa. Janet Bujra alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 kwamba wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani. Kwa mhakiki wa fasihi ushahidi huu una uzito wa pekee. Malaya wa riwaya ya Kiafrika, iwe ya Kiswahili au ya Kiingereza, kwa kawaida ni mtu anayeteketea. Ni onyo kwa msomaji. Malaya wa kumbukumbu za Pumwani ni mjenzi. Alikuwa na funguo, wapangaji na wasia. Kati ya sura hizi mbili, riwaya imechagua ile ya kwanza, na uhakiki umeifuata bila kuuliza ni nini kilichoachwa nje.

Majengo mawili ya Meja Mwangi

Going Down River Road inaweza kusomwa kama riwaya ya majengo mawili yanayosimama pamoja. La kwanza ni Development House, ghorofa refu linaloinuliwa katikati ya mji na vibarua kama Ben na rafiki yake Ocholla. La pili ni kibanda cha Ocholla katika bonde la mto, mahali ambapo Halmashauri ya Jiji huja na kuchoma, na watu huja na kujenga tena.

Wahakiki wengi wameliona jengo la kwanza. Kejeli ya jina lake iko wazi: maendeleo yanajengwa na watu ambao hawataruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele, na kila ghorofa inayokamilika inaukaribisha mwisho wa ajira yao. Jengo la pili limesomwa kama mandhari tu ya ufukara. Hapa ndipo usomaji unapohitaji kurekebishwa. Development House lina mchoro, fedha, nyapara na kibali, lakini halimhifadhi yeyote kati ya wanaolijenga. Kibanda hakina hata kimoja kati ya hivyo, na bado ndicho kinachomhifadhi Ben anapopoteza makao, pamoja na mtoto Baby aliyeachwa na mama yake, Wini. Wake wawili wa Ocholla na watoto wao wanapofika kutoka nyumbani, kibanda hicho hicho hakina budi kuwabeba. Ghorofa linapokea mtaji na kutema watu. Kibanda kinapokea waliotemwa.

Si kweli, hata hivyo, kwamba Mwangi analitukuza jambo hili. Mtindo wake wa ucheshi mkavu humzuia msomaji asikione kibanda kuwa ushindi. Moto wa Halmashauri na ujenzi unaofuata unasawiriwa kama mzunguko usio na maana, unaofanana na safari ya kila jioni ya kuelekea River Road. Hapo ndipo mipaka ya riwaya inapoonekana. Kibanda kimo ndani ya wakati wa moto tu. Hakina historia nyuma yake wala mrithi mbele yake. Riwaya inautambua ujenzi wa mhamiaji lakini haiutambui urithi wake, na bila urithi ujenzi hauwezi kuonekana kama utunzi. Unaonekana kama ukaidi.

Chumba cha Paulina

Macgoye anaingia mjini kwa mlango mwingine. Paulina wa Coming to Birth anafika Nairobi mwaka 1956 akiwa msichana wa miaka kumi na sita, kuja kuishi na mumewe Martin. Ni wakati wa Hali ya Hatari, miaka miwili tu baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954 iliyowafagia maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka mjini. Makao yake ya kwanza ni chumba cha kupanga Pumwani. Baada ya mimba kuharibika na kutoka hospitali, anaipoteza njia ya kurudi kwake, na kupotea huko kunamgharimu kipigo.

Tukio hilo la kupotea limefasiriwa kama ishara ya mwanamke wa kijijini asiyeujua mji. Fasiri hiyo ni sahihi lakini ni nusu. Paulina hapotei kwa sababu mji hauna mpangilio. Anapotea kwa sababu bado hajaweza kuusoma. Kwa mgeni, nyumba za mtaa huo ni kuta za udongo zinazofanana. Kwa mkazi, kila moja ina baraza yake, jina la mwenyewe na watu wake. Mkondo mzima wa riwaya unaweza kuelezwa kama safari ya kujifunza usomaji huo, hadi Paulina anapokuwa mtu anayezijua njia za mji na anayeweza kuwapokea wengine. Uhuru wake unapimwa kwa vyumba: kile alichoingizwa na mumewe, vile anavyoishi kwa kazi yake mwenyewe, na vile anavyofungulia watu.

Macgoye anakikaribia kile ambacho Mwangi hakifikii, yaani mji kama makao yanayoendelea. Pamoja na hayo, hata kwake macho ni ya mpangaji. Mwenye nyumba ya Pumwani, ambaye huenda alikuwa mwanamke aliyejenga kwa jasho la miaka ishirini, anabaki pembeni mwa masimulizi. Riwaya ya mjenzi huyo, pamoja na wasia wake, haimo katika riwaya hizi mbili.

Kibra na Eastleigh: kanuni inavyoendelea

Ingekuwa kosa kudhani kwamba nyumba bila ardhi ni habari ya Pumwani peke yake. Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, walikalishwa Kibra mwanzoni mwa karne ya 20. Jina hilo kwa lugha yao lina maana ya msitu. Mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Askari walijenga, walizika wafu wao, walizaa na kurithisha nyumba, lakini hatimiliki haikuja. Ilipokuja mwaka 2017, serikali ilipoikabidhi jamii hiyo hati, ilikuwa ya ekari 288. Kwa muda wa karne nzima nyumba ilikuwa ushahidi wa pekee wa ukaaji, na ukuta ulifanya kazi ya cheti.

Eastleigh unatoa sura nyingine. Mtaa huo, uliokuwa kwa muda mrefu makao ya Wahindi na Wasomali, ulipokea wakimbizi wengi baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Katika nyumba ya wageni iliyojulikana kama Garissa Lodge, wapangaji walianza kuuza nguo na bidhaa nyingine humo humo vyumbani, chumba kikiwa duka mchana na malazi usiku. Kitanda kikawa ghala. Neil Carrier, katika utafiti wake kuhusu Eastleigh, anaeleza jinsi jengo hilo lilivyogeuka kuwa soko kamili na kuwa kielelezo cha majengo makubwa ya biashara yaliyofuata, yenye vibanda vidogo vidogo vilivyopangwa kando ya njia za ndani. Mwenye jicho la kimuundo ataona kwamba mpangilio huo, wa vyumba pande mbili za njia, unafanana na ule wa nyumba ya Pumwani. Si lazima kudai kwamba mmoja umeuzaa mwingine. Yatosha kusema kwamba katika mifano yote miwili mhamiaji alianza na chumba, si kiwanja, na kutoka chumbani akaubadilisha mtaa.

Mjenzi naye ni mwenye kupangisha

Tasnifu hii ina hatari yake, na uhakiki wa haki hauna budi kuikabili. Mjenzi anayerudisha mji mikononi mwake aghalabu huurudisha kwa kodi ya mhamiaji mwingine aliyemfuata. Vyumba sita vya Pumwani vilikuwa urithi kwa mmoja na gharama ya kila mwezi kwa watano. Kibra mwishoni mwa mwaka 2001 mgogoro wa kodi kati ya wenye nyumba na wapangaji uligeuka kuwa umwagaji damu, na Wanubi waliokuwa wakililia haki ya kuwa wenyeji walijikuta wakitazamwa kama wanyonyaji. Kwa hiyo nyumba bila ardhi si hadithi ya wema dhidi ya uovu. Ni muundo wa mamlaka, wenye mtunzi na walioandikwa ndani ya utunzi wake.

Labda hii ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya watunzi wa riwaya, wengi wao wakiwa na huruma kwa wanyonge, kumchagua mpangaji na kumwacha mwenye nyumba. Uchaguzi huo unaeleweka kimaadili. Kifani, umekuwa na hasara. Kwa kumnyima mjenzi nafasi, riwaya imeiachia serikali dai la kuwa mtunzi wa pekee wa mji. Muoroto ulipobomolewa Mei 1990, na makazi ya kandokando ya mito ya Nairobi yalipoondolewa mwaka 2024 baada ya mafuriko, kilichobomolewa kilielezwa kwa msamiati ule ule wa vibanda na takataka. Fasihi ambayo imezoea kukiona kibanda kama ishara ya maangamizi ina maneno machache ya kuupinga msamiati huo.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nyumba ya Kiswahili iliyohamia Nairobi ilibeba mambo mawili: ramani, na kanuni ya kwamba anayejenga anamiliki alichojenga hata kama ardhi si yake. Kanuni hiyo iliwawezesha watu waliohesabiwa kuwa wapita njia kuacha wasia. Riwaya za Mwangi na Macgoye, kila moja kwa namna yake, zinaushuhudia ujenzi huo, lakini ya kwanza inauona kama mzunguko wa moto, na ya pili inauona kutoka chumba cha mpangaji.

Kazi iliyo mbele ya wahakiki ni ya aina mbili. Kwanza ni kuzisoma upya kazi zilizopo kwa kuuliza, katika kila tukio la mji, nyumba hii imejengwa na nani na itarithiwa na nani. Pili ni kuyahesabu majina ya mitaa, wasia, masimulizi ya wazee wa Majengo na Kibra, na hata ramani za nyumba, kuwa sehemu ya matini za fasihi ya mji. Nyumba za udongo za Pumwani zinaendelea kupungua huku ghorofa za kupangisha zikipanda juu ya viwanja vyao. Ukuta wa udongo ukianguka, hauachi magofu kama yale ya mawe ya Gedi. Huachia simulizi peke yake, na simulizi hilo lisiporekodiwa mapema, manispaa itabaki kuwa mtunzi wa pekee anayesomwa.